Kapu Lisiloguswa

Shangazi hakuwa shangazi yangu wa damu. Alikuwa mkubwa wetu kwa umri katika chumba cha kukunjia mashuka, kule kwenye udobi wa hospitali, na tumemzika mwezi uliopita. Naandika haya kabla sijasahau alivyocheka Ijumaa ile.

Tulikuwa watatu: Shangazi, mimi, na mwenzetu tuliyemwita Bwana Kidogo, maana kila akiitwa alijibu, "Nakuja, kidogo tu." Kila mtu alikuwa na kapu lake. Bwana Kidogo kila siku alikunja mashuka mawili, akaenda kunywa maji. Akakunja la tatu, akakumbuka kisa cha shemeji yake. Jioni sisi ndio tuliommalizia, kwa sababu hakuna kutoka mpaka makapu yote yawe matupu. Msimamizi tulimweleza mara nne. Mara zote alisema, "Nimelichukua, nitalishughulikia."

"Amelichukua akaenda kulificha," Shangazi akasema.

Ijumaa hiyo binti yangu wa darasa la kwanza alikuwa anaghani shairi shuleni, saa kumi. Baba yake alikuwa safarini, nami nilishamwahidi mtoto nitakuwepo. Saa nane ikafika, kapu la Bwana Kidogo limejaa pomoni. Machozi yakaanza kunilengalenga.

Shangazi akamwendea Bwana Kidogo. "Baba, leo kapu lako hatukumalizii. Nakuambia usoni, usije ukasema tumekuvizia. Ukianza, nitakushikia ncha."

"Aa, Shangazi nawe! Nakuja, kidogo tu."

Saa tisa akaingia muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi. "Mashuka yangu yako wapi? Nina vitanda vitano viko uchi!"

Shangazi akaonyesha kapu kwa kidevu. "Yamo humo. Mwenyewe anakuja, kidogo."

Muuguzi akapiga simu. Msimamizi akaja mbio, tai imemrukia begani.

"Msaidieni mwenzenu!"

"Tumemsaidia miezi saba, mkubwa," Shangazi akajibu. "Leo zamu yako."

Muuguzi alikuwa amesimama, mikono kiunoni, hana dalili ya kuondoka. Msimamizi akashika ncha mbili za shuka, Bwana Kidogo akashika mbili.

"Mkubwa, juzi shemeji yangu..."

"Kunja!"

Shuka la kwanza msimamizi akalikunja alama ya wodi ikabaki ndani. Muuguzi akalifumua, akamrushia. "Alama nje. Rudia."

Shangazi alificha uso kwenye foronya, mabega yanamcheza. Walipofika shuka la sita, msimamizi alikuwa anatiririka jasho.

"Kwani huyu yuko hivi kila siku?"

"Leo ana haraka," Shangazi akasema.

Msimamizi akamgeukia Bwana Kidogo. "Kuanzia Jumatatu, kapu lako unalimaliza mwenyewe, na mimi nitakuja kulikagua. Likibaki, tutaongea ofisini."

Bwana Kidogo akavuta shuka la saba.

"Mkubwa, kapu la huyu mama ni tupu," Shangazi akaongeza, ananisukuma mgongoni. "Aende kwa mtoto wake?"

Msimamizi alikuwa amebana shuka kwa kidevu, hawezi kusema. Akaitikia kwa kichwa.

Nilikimbia na sare yangu vilevile. Nilipoingia ukumbini, binti yangu alikuwa kwenye ubeti wa pili. Akaniona, akanyamaza, kisha akamgeukia mwalimu na kusema kwa sauti iliyofika hadi mlangoni:

"Mama amekuja. Naanza upya."

Akaanza upya.