Aliyekula Mkate wa Sanavbar

Tok, tok, tok. Hakujapambazuka, na mtu alikuwa uani akitoboa madonge ya mkate kwa kile kigongeo chenye meno ya chuma. Bibi Zulhumor alisikiliza akiwa bado kitandani, akamwombea dua mkwewe kwa kuwahi kuamka. Kisha akageuza shingo, akamwona mkwewe Mavzuna amelala fofofo palepale chumbani, mkono umemzunguka binti yake Nigina.

Akajitanda shali, akatoka. Kando ya tanuri aliketi mdogo wake, Sanavbar, aliyefariki miaka sitini na mitatu iliyopita. Alikuwa bado na miaka sita. Alivaa lile gauni lililoshonwa kwa pazia kuukuu, tumbo limevimba kama mtungi, na miguu yake ilikuwa vijiti vya mforosadi.

"Umenawa mikono?" Zulhumor akamuuliza.

Sanavbar akamwonyesha viganja. Vilikuwa safi. Basi Zulhumor akawasha tanuri, wakaoka mikate kumi na miwili, na jua lilipogusa mlima mtoto akaondoka kupitia bustani ya aprikoti.

Kesho yake akaja tena, na keshokutwa. Siku ya tatu Mavzuna alimkuta, akainama kwa heshima, akasema, "Shikamoo, mama mdogo," kwa kuwa ndivyo ilivyompasa kumwita. Akaona mtoto anatetemeka, maana alfajiri za bonde la Zarafshan zina baridi, akamletea sweta la Nigina. Lilimtosha sawasawa.

Siku hizo nyumba ilikuwa na jambo zito kuliko mgeni. Nigina alikuwa na miaka mitano na uzito wa mtoto wa miaka mitatu. Tangu aanze kula chakula cha wakubwa tumbo halikumpa raha: linajaa, linauma, linamharisha, siku nyingine anatapika hata maji. Zahanati iliwapa dawa ya minyoo mara nne. Walimchemshia maganda ya komamanga, wakamkanda kwa mafuta ya mkia wa kondoo, wakamsomea. Baba yake, Ilhom, aliyekuwa akijenga maghorofa huko Urusi, alipiga simu. Mtoto asiponenepa kabla ya aprikoti kuanikwa, alisema, Mavzuna atarudi kwa wazazi wake, na Nigina atabaki alelewe na mwanamke anayejua kulea. Hakupaza sauti. Alikuwa amechoka, na theluji ilisikika ikivunjika chini ya viatu vyake.

Zulhumor alifanya lake kwa mapenzi yote. Kila alfajiri aliumega mkate wa kwanza, ungali wa moto, akauloweka katika chai ya maziwa yenye siagi, akamlisha mjukuu kwa mkono wake. Mtoto akigeuza uso, alimbembeleza kwamba mkate ulioachwa hulia. Katika nyumba ile mkate haukulazwa kifudifudi, na kipande kikianguka kiliokotwa, kikabusiwa, kikaguswa kwenye paji la uso. Kuushuku mkate kungekuwa kama kumshuku mama mzazi.

Alfajiri ya nne aliandaa mabakuli mawili, moja la Nigina na moja la Sanavbar, kwa sababu mgeni hapewi harufu tu. Sanavbar akalisogeza lake kando, kisha akalisogeza na la Nigina.

"Hiki ndicho kinachotuchoma, dada," akasema.

"Mkate?"

"Nilimwambia mama zamani. Ni yeye peke yake aliyenisadiki."

Zulhumor akaweka kijiko chini. Mama yao alikuwa amelala ng'ambo ya mto, katika makaburi ya kijiji alikozaliwa, na Zulhumor hakuwahi kuvuka kwenda kumwombea. Mwaka ule wa njaa baada ya vita kila mtoto alipata kipande chake cha mkate. Zulhumor, mwenye miaka minane, alimwona mama amesimama nyuma ya zizi akila kipande cha Sanavbar, upesi upesi, akiufunika mdomo kwa kiganja. Akaenda kumwambia shangazi. Shangazi akamwambia baba. Mama akarudishwa kwao ng'ambo siku hiyo hiyo, na mwezi haukuisha Sanavbar akafa.

"Lakini alikula mkate wako," Zulhumor akasema. "Nilimwona kwa macho yangu."

"Alikula, ndiyo. Kuuacha ilikuwa dhambi, na shangazi alikuwa akikagua. Mama alikula mkate wangu, mimi nikala choroko zake. Siku hizo tumbo lilikuwa linanywea."

"Na alipoondoka?"

"Shangazi alinilisha yeye mwenyewe. Alinichagulia pale palipo laini katikati." Sanavbar akawaza kidogo. "Alikuwa mwema kwangu. Alinipepea mpaka mwisho."

Zulhumor akayachukua mabakuli yote mawili, akawapa kuku. Akawapikia watoto choroko na mchele, wakala kwa kijiko kimoja, wakigombana nani amechota zaidi.

Wiki ile yeye na Mavzuna wakampeleka Nigina kwa daktari mjini. Zulhumor akamwomba daktari aichunguze ngano. Damu ikatolewa, ikapelekwa mji mkuu, na baada ya siku kumi na nane jibu likaja: ngano na shayiri, hata chembe, zinamuunguza utumbo. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, aliuliza kama kuna mwingine katika ukoo mwenye maradhi hayo.

"Mdogo wangu," Zulhumor akasema.

"Yuko hai?"

"Hapana. Ila huja alfajiri."

Daktari akaandika. Akauliza choo cha huyo mdogo sasa kikoje, akaandika na hilo pia.

Nigina akaanza kupona, na Sanavbar naye. Walinenepa pamoja, ratili kwa ratili. Yale matumbo mawili yakashuka, mashavu yakajaa. Siku moja walikimbizana kulizunguka tanuri mpaka Mavzuna akalazimika kuketi, maana hakuwahi kumwona mwanawe akikimbia.

Kijiji hakikuona hivyo. Kaka yao Zulhumor na Sanavbar, mzee Hoshim, alikuja kunywa chai, na Zulhumor akamweleza yote tangu mwanzo, la nyuma ya zizi na la choroko. Sanavbar mwenyewe alikuwa hapo mlangoni akila zabibu kavu. Mzee akamtazama, akamuuliza hali, kisha akasema mkate haujamdhuru mtu tangu Adamu.

"Mama yetu alikuwa mlafi," akasema, "na huyu mkweo ameanza vilevile, kumnyima mtoto mkate."

Akaubusu mkate uliokuwa mbele yake, akauweka mahali pake, akatoka.

Majirani hawakuwa na roho mbaya. Kwa huruma zao walimpitishia Nigina vipande vya mkate juu ya ukuta, wengine wamevipaka asali. Siku moja Mavzuna alimwahi akamnyang'anya, na kwa kuwa mkate hautupwi, alisimama nyuma ya banda akaula mwenyewe, upesi upesi. Jirani akamwona. Kufikia jioni habari ilikuwa imefika kisimani, na usiku ikafika Urusi.

Ilhom akapiga simu. Zulhumor akamwambia mwanawe kwamba mkewe haondoki humu maadamu yeye mama yake anapumua. Ilhom akasema tutaona. Hakusema hapana, wala hakusema ndiyo.

Aprikoti zilianikwa juu ya mapaa. Alfajiri moja Sanavbar akalikunja sweta, akamrudishia Mavzuna.

"Leo navuka mto," akasema. "Nataka mama alione tumbo langu."

Zulhumor akafunga choroko katika kitambaa, fundo zuri la kubebeka na mtoto. Alimfunga na shali yake mwenyewe, akaikaza chini ya kidevu. Alikawia hapo kwenye kidevu. Miaka yote hii alikuwa akingoja mtu amkemee, na hakuna aliyemkemea.

"Mwambie ni mimi niliyesema kwa shangazi."

"Anajua, dada."

"Mwambie hata hivyo. Na mwambie watu bado wanasema yale yale, sijaweza kuwanyamazisha." Akamwachia kidevu. "Lakini tanuri linawashwa alfajiri, na kuna choroko. Wewe uje tena, Sanavbar. Uje naye."