Jiwe la Kukalia Wawili

Mume wangu Mutiso alizikwa katikati. Hapo ndipo maneno yalianzia.

Nyumba yangu iko upande wa jua kuchomoza, ya Kanyiva, mke wake wa pili, iko upande wa pili, na kaburi liko kati yetu, chini ya mlima mdogo, hapa kwetu karibu na Kasikeu. Mutiso akiwa hai aligawa shamba, tukapewa namba mbili kwenye ramani, moja yangu, moja ya Kanyiva. Lakini hakuna mtu alipanda alama chini. Kwa hivyo alipokufa mwaka jana kila nyumba ilisema kaburi ni lake. Mimi nilisema mimi ndiye niliolewa kwanza. Kanyiva alisema Mutiso alifia kitandani kwake. Hilo alilisema mbele ya watu wa kanisa, na akalirudia, ndio wasikie vizuri neno kitanda.

Chifu alituambia tulete mpimaji. Mpimaji akishindwa, basi mpaka utakuwa ule ua wa minyaa. Sasa ua huo ulipandwa na nani? Kanyiva. Na uliacha kaburi upande gani? Sina haja ya kusema.

Mpimaji alikuja Jumanne, msichana mmoja kutoka Emali anaitwa Wacuka, suruali, buti, na koti la kung'aa kama la polisi wa barabarani. Alikuwa na mashine ya miguu mitatu na nyingine ya kuongea na vitu vilivyo angani. Nilimuuliza kama huko angani wamemwona Mutiso, atuambie mwenyewe anataka kulala kwa nani. Alicheka mpaka akakohoa. Nikajua nimempata.

Akatueleza kazi yake bila kiburi. Kona ya shamba kule barabarani inajulikana. Lakini mstari unaotoka pale unaenda wapi? Kulia kidogo au kushoto kidogo? Ukikosea kidogo kule barabarani, ukifika kaburini umekosea sana. Ili apate mwelekeo wa kweli anataka mawe mawili ya zamani, yale ambayo ramani yetu ilichorwa kutoka kwayo, yanayoonana. Anasimama kwa moja, anatazama lingine, ndio anajua amesimama wapi na uso wake unatazama wapi. La kwanza alikuwa ameliona tayari, ile nguzo nyeupe juu ya mlima ng'ambo ya barabara. La pili kwenye karatasi yake lilikuwa juu ya huu mlima wetu mdogo.

"Nalijua," Kanyiva akasema, haraka kama mtoto darasani. "Twende nikuonyeshe, mwanangu."

Wakapanda. Nikabaki chini na goti langu. Tangu zamani watu wote hapa wanajua mimi, mama Kasiva, nina goti bovu, sipandi mlima. Nilikaa jikoni nikiwaangalia, Kanyiva mbele, Wacuka nyuma, na Kanyiva amepewa koti la kung'aa avae. Amevaa juu ya leso, ananyoosha mkono kama yeye ndiye aliumba Makueni. Chai yangu ilichemka ikamwagika yote. Moto ukazima.

Niseme ukweli kuhusu hilo jiwe, maana bila hivyo hamtaelewa.

Lilikuwa la saruji, na chuma kidogo kimetokeza pembeni, ukubwa wake kama debe. Kanyiva alipoolewa, Mutiso alianza kupanda naye pale juu kila jioni, ati anaangalia mbuzi. Mbuzi wenyewe walikuwa huku chini, kwangu. Wawili hao walikuwa wanakaa juu ya jiwe, na jiwe ni dogo, huwezi kukaa watu wawili bila kubanana. Nilikuwa nawaona kutoka mlango wa jikoni, migongo miwili kama mgongo mmoja. Mimi miaka saba nilikuwa nimeolewa, na hakuna siku niliitwa kuangalia mbuzi.

Siku moja walienda harusi Sultan Hamud. Nilichukua mtaimbo nikapanda. Goti halikusema kitu. Nilichimba asubuhi yote, nikaling'oa, nikalibingirisha chini mpaka likakwama kwenye mti wa miiba. Kulirudisha juu nilishindwa, na kuliacha wazi niliogopa, kwa hivyo nikalipanda hapo hapo, nikashindilia udongo vizuri. Hapo kwenye miiba nani angekalia?

Walirudi harusini. Kesho yake jioni walipanda tena. Hawakukuta jiwe, wakatandika leso moja, wakalala chali wakiangalia mawingu. Mimi na mtaimbo wangu.

Sasa Wacuka alisimamisha mashine yake kwenye jiwe la miiba, ambalo Kanyiva alilikuta miaka ya baadaye akitafuta kuni, akadhani ni lingine; akatazama nguzo, akaandika. Akapima tena, akaandika tena. Alipoteremka uso ulikuwa umebadilika. Alisema umbali aliopata na umbali ulioandikwa unatofautiana mita kumi na moja. Moja kati ya haya mawe haliko mahali lilizaliwa, na nguzo ya mlimani haijatikisika, ameihakikisha. Mwelekeo wa jiwe la uongo hawezi kuutumia. Kama hakuna anayejua, atafunga mashine, na sisi turudi kwa chifu.

Kwa chifu maana yake minyaa. Minyaa maana yake Mutiso ni wa Kanyiva mpaka mwisho wa dunia.

Kanyiva alikuwa tayari anavua lile koti, taratibu, akilikunja, na macho yake yanatabasamu. Sikujua mstari wa kweli utaangukia wapi. Ungeweza kumpa yeye pia. Lakini huo wa minyaa ulikuwa umeshamchukua Mutiso.

Nikamwambia Wacuka kwamba usiku niliota ndoto, na katika ndoto jiwe lilikuwa juu zaidi, mahali palipo tambarare, na chini yake kuna kibamba cha jiwe, bapa kama sahani, chenye msumari.

Wacuka akaacha kufunga. "Shosho, msumari umeuota?"

"Katikati ya kibamba."

"Hiyo alama ya chini hakuna mtu anaijua. Huwa wanaizika, jiwe la juu likipotea ibaki."

Hapo Kanyiva akageuka polepole. Ni mtu wa kuhesabu mambo kimya, huyo.

"Mama Kasiva," akasema, "na goti?"

Nikaanza kulisugua goti.

"Wewe ulituambia mchwa ndio walikula jiwe letu."

"Sikusema mchwa. Nilisema labda."

"Kwa hivyo ulikuwa unatuona."

Miaka arobaini nilikuwa nimemwonyesha kwamba hao wawili hawanihusu. Nilikuwa naimba nikiosha sufuria, niongeze sauti wakipita. Na sasa nimesimama hapo, mzee bila meno ya mbele, nimeshikwa na wivu wa msichana.

"Niliwaona," nikasema. "Kila siku niliwaona. Sasa mnanifuata ama mnakaa?"

Nikapanda mbele yao, mbio, nikawaacha wakihema. Niliwaonyesha mahali. Wacuka alichimba kwa mikono mwishowe, kama anayetoa yai chini ya kuku, na kibamba kikatokea na msumari wake, mwekundu kwa kutu. Akasimamisha mashine juu yake, akatazama nguzo. Umbali ukakubali. Siku iliyofuata akaleta mwelekeo mpaka kona ya barabarani, kamba ikavutwa kuja kwetu, ikapita katikati ya minyaa, ikapita kaburi, na kumwacha Mutiso upande wangu. Hatua mbili na unyayo. Nilizipima mwenyewe.

Nilimtazama Kanyiva nione atalia. Alikuwa anacheka, leso mdomoni. Alicheka jioni yote, nilimsikia kutoka kwangu. Mutiso nimempata mimi, lakini yeye amepata ile habari, na habari haina mpaka.

Kabla ya kuondoka Wacuka alijenga jiwe jipya juu ya ile alama, pana kuliko la kwanza. Akatuambia hakuna ruhusa ya kuling'oa, akinitazama mimi. Kuhusu kulikalia hakusema lolote.

Basi sasa kila jioni nakaa kaburini kwangu, kwenye kigoda changu, na Kanyiva anapanda. Anakaa ukingoni mwa jiwe, upande wake ule ule wa zamani. Upande mwingine anauacha wazi. Namwona vizuri kutoka hapa. Midomo inacheza, anaongea na hiyo nafasi.

Na Mutiso ninaye mimi. Karatasi ninayo. Lakini nikimwongelesha hapa chini naona kama hayupo, kama ametoka kidogo, ameenda kuangalia mbuzi.

Goti langu halina shida. Kesho napanda, na nitakaa upande wa Mutiso. Abanane na mimi.