Nusu ya Kila Tofali

Nyumba ile baba yao aliwaachia wawili tu: dada, nesi aliyekuwa akifanya kazi mji wa mbali, na mdogo wake, seremala ambaye mtaa mzima ulimwita Msumari. Hati ilikuwa na majina yao yote mawili. Dada alikuwa na chumba chake humo, amekifunga, ndani kitanda na kabati la marehemu mama yao. Msumari aliishi na kufanyia kazi vyumba vilivyobaki.

Kazi zilipomzidi, mbao zikawa zinalala uani, zinanyeshewa. Akaanza kukitazama kile chumba. Kikae bure mwaka mzima? Akajaza fomu ya kuvunja ukuta ili apanue karakana. Karani wa manispaa akaisoma, akamrudishia.

"Saini ya mwenzako iko wapi?"

"Lakini nusu ni yangu."

"Nusu ya kila tofali, kaka. Hakuna tofali lililo lako peke yako. Yeye asipokubali, huvunji hata tundu la panya."

Msumari akatoka. Simu alikuwa nayo mfukoni. Badala ya kupiga, alikaa kwenye ngazi, akaweka fomu juu ya goti, akaiga saini ya dada yake. Kesho yake alikwenda dirisha jingine, na muhuri ukagongwa.

Ukuta ulianguka kwa siku mbili. Kabati la mama lilivunjika mguu walipolisukuma uani, akalifunika turubai. Kazi zikashamiri. Lakini kila dada alipopiga simu na kuuliza, "Chumba changu hakivuji?" alijibu, "Kikavu kabisa, dada," na siku hiyo vidole vyake vilikula nyundo zaidi kuliko misumari.

Mwezi wa saba dada akapiga: "Nimestaafu. Jumamosi narudi kwangu."

Msumari akampokea kituoni, akambebea sanduku. Njiani alifungua mdomo mara tatu, na mara zote akaishia kuongelea jua. Mlangoni akaliweka sanduku chini.

"Dada, kabla hujaingia. Chumba chako hakipo. Nilivunja ukuta. Na saini yako kwenye fomu ya manispaa niliitia mimi."

Dada akampita. Akasimama kwenye maranda ya mbao, pale kilipokuwa kitanda chake.

"Ulivunja lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu tulikuwa tunaongea kila Jumapili."

Msumari akainamisha kichwa.

"Ungeniomba, mdogo wangu, ningekupa. Mtu mmoja mimi, ningelala hata sebuleni. Sasa sikupi. Utakijenga."

Jumatatu wakaenda manispaa. Msumari alisema mwenyewe, watu kwenye foleni wakisikia, kwamba saini ile aliighushi. Kibali kikafutwa. Karani akamuuliza dada kama anataka kumshtaki.

"Hapana," alisema, bila kumtazama ndugu yake.

Msumari alijenga ukuta kwa mikono yake, wiki mbili, huku dada akilala kwenye kitanda cha mdogo wake na yeye akilala juu ya mbao. Kabati akalitilia mguu mpya, rangi haikulingana.

Siku hizi wanakula pamoja, hata kutaniana wanataniana. Lakini dada akitoka kwenda kuanika nguo, hatua kumi tu, hufunga chumba kwa kufuli. Msumari hulisikia likibana upande wa pili wa ukuta, husimamisha randa, na hairudishi juu ya ubao mpaka nyayo zipite.