Kidole Tumbo cha Pili

Barua niliyowaandikia Kitulizo, kampuni ya bima ya afya, ilikuwa na kurasa sita, na niliipenda kiasi cha kumsomea mke wangu mezani huku ugali ukipoa. Naliaka ni mwalimu wa shule ya msingi, hawezi kusikia jambo asilisahihishe. Aliniuliza kama daktari wangu atalipwa kwa wingi wa maneno au kwa ushahidi. Nilimjibu kwamba yeye hajui sheria. Ndivyo anavyojibu wakili wa miaka kumi na minne ambaye bado hana katibu.

Mteja wangu alikuwa Daktari Syokau Nzuki, mpasuaji mwenye hospitali ndogo ya vitanda kumi na viwili nyuma ya maduka ya Dagoretti Corner, Nairobi. Kitulizo walikuwa hawajamlipa kwa miezi saba, si kwa mgonjwa mmoja bali kwa wote. Walidai wamegundua udanganyifu: kuna mtoto ambaye daktari alijaza fomu kuwa amempasua, na upasuaji huo, kwa maneno yao, haukuweza kufanyika. Jina la mtoto hawakulitaja, eti ni siri ya mgonjwa. Kibaya zaidi, walikuwa wamelipeleka jambo hilo kwenye baraza linalowapa madaktari leseni.

Pesa angeweza kuzisubiri, Daktari Syokau aliniambia. Jina lake hapana. Alikuwa ameshika kisu miaka ishirini na sita bila lawama, na sasa alikuwa karibu kustaafu akiitwa mwizi.

Nilimchukulia kesi kwa nusu ya ada, na kila aliyekubali kunisikiliza nilimweleza sababu. Mama huyu aliwahi kuokoa mtoto wetu. Desemba ya mwaka juzi dada yangu alimtuma binti yake, Awuor, kutoka Ugenya aje kula sikukuu nasi huku Waithaka. Jumapili moja baada ya ibada, Awuor akajikunja akishika tumbo. Jirani alisema ni minyoo. Nami, kwa kuwa nina digrii, nilikubali kuwa ni minyoo nikamnunulia soda. Kufikia saa tisa mchana mtoto hawezi kusimama. Tulipomfikisha kwa Daktari Syokau alimgusa mara moja tu akasema ni kidole tumbo, na kimebakisha kidogo kipasuke. Haikupita saa moja akawa amekitoa na kumshona.

Pale mapokezi waliniomba kadi ya bima. Awuor hakuwa nayo. Binti yangu Everlyn alikuwa nayo. Wamezaliwa mwaka mmoja, watoto hawachukuliwi alama za vidole, na picha za kwenye kadi zile zinaweza kuwa za mtoto yeyote aliyekataa kutabasamu. Nikaitoa. Sikujiona mwizi hata kidogo. Kwetu mtoto wa dada yako ni mtoto wako, na sijui nyumba ambayo kadi ya mmoja haijawahi kumtibu mwingine. Naliaka nilimwambia hospitali imekubali tulipe polepole. Kabla nyuzi hazijatolewa nilikuwa nimeshasahau.

Kwa hiyo ukurasa wa nne wa barua yangu uliandikwa na mtu mwenye dhamiri safi. Niliwauliza Kitulizo upasuaji usioweza kufanyika ni upi. Je, daktari alimpasua mzimu? Nikawataka walete mgonjwa mmoja, mmoja tu, ambaye si wa kweli. Mstari wa mzimu niliurudia kwa mawakili wenzangu pale Kenyatta Market, tukila nyama. Walicheka sana. Nyama nilikuwa nimelipia mimi.

Mdomo huponza kichwa. Kitulizo walituita kwenye ofisi yao mjini, ghorofa ya tisa, na mwenyeji wetu alikuwa meneja wa madai, Hezekiah Mbaluka, mzee mpole aliyefunga vifungo vyote vya koti. Daktari Syokau alikuja na madaftari ya chumba chake cha upasuaji ndani ya kiondo. Mzee Hezekiah alitumiminia chai, akaniacha niongee dakika ishirini bila kunikatiza. Wakili mwenye akili angeogopa ukimya huo. Mimi nilidhani nashinda.

Nilipotua akafungua faili. Alisema mgonjwa tuliyemwomba yupo. Ni mtoto wa kike, aliyetolewa kidole tumbo na Daktari Syokau. Mtoto huyohuyo, kwa nambari ileile ya bima, alikuwa ametolewa kidole tumbo katika hospitali nyingine ya mjini miaka miwili kabla, na Kitulizo ndio waliolipa mara zote mbili.

"Mtu huzaliwa na kidole tumbo kimoja," alisema, kama anayeomba radhi.

Daktari alisema haiwezekani. Alifungua daftari kwenye tarehe iliyokuwa katika faili, akasema anaikumbuka Jumapili hiyo, na tumbo la mtoto halikuwa na kovu lolote. Nami nikasimama. Naona aibu kulieleza hili, lakini nilisimama nikagonga meza, nikasema basi hospitali ile ya kwanza ndiyo iliyodanganya na wao ndio wachunguzwe. Nami mwenyewe nilikuwa nimelala siku tatu kwenye kiti cha wodi ya hospitali hiyo ya kwanza, nikimshika mkono Everlyn wangu baada ya upasuaji wake. Baba mzima nilikuwa nagonga meza juu ya tumbo la binti yangu na bado sijaelewa.

Mzee Hezekiah aliomba tupumzike kidogo. Daktari alibaki na madaftari yake, na mzee akanishika kiwiko, akanipeleka hadi dirishani mwisho wa ukumbi.

"Baba Everlyn," aliniambia, "mtoto anaendeleaje?"

Katika jengo lile hakuna aliyepaswa kunijua kwa jina hilo. Hapo ndipo nilipoelewa ni kadi ya nani iliyokuwa ndani ya faili lile. Mzee hakunitisha. Alisema kazi yake ni kufunga mafaili. Daktari akikubali nusu ya malipo, na akitia sahihi kwamba fomu ya mtoto yule ilikuwa kosa lake mwenyewe, baraza litampa onyo na mambo yatakwisha. Hakuna atakayeuliza ni nani aliyemleta mtoto gani. Karatasi ilikuwa tayari. Akaniwekea mfukoni kama mjomba anayekupa nauli.

Tulipokuwa tukishuka, Daktari Syokau alinishukuru kwa kumpigania. Alisema hajawahi kuona mtu akikasirika hivyo kwa ajili yake. Nilijibu kwamba tujipe siku mbili za kulitafakari jambo hili.

Siku hizo mbili nilizitumia vibaya. Nilirudi Kenyatta Market peke yangu, nikaagiza nusu kilo, na kati ya mfupa na mfupa nikatunga hotuba ya kumshawishi. Ningemwambia kesi huchukua miaka. Ningemwambia onyo si kitu. Ilikuwa hotuba nzuri mno, na kila sentensi yake ilikuwa ya kweli. Usiku nilimweleza Naliaka yote. Nilitegemea ugomvi, lakini alisema tu kwamba Jumapili iliyofuata upasuaji ule alisimama kanisani akatoa ushuhuda, akamtaja daktari kwa jina, akashukuru kwamba bado kuna hospitali zinazokubali maskini walipe polepole. Akazima taa. Nililala nikiwa na haya ambayo sijawahi kuwa nayo mbele ya hakimu yeyote.

Alhamisi asubuhi nilikwenda Dagoretti Corner. Nisidanganye tena: karatasi ya mzee Hezekiah ilikuwa mfukoni, na nilipokuwa nikipanda ngazi sikuwa nimeamua. Muuguzi wake, Wangu, aliniambia daktari yuko ofisini. Nilishangaa, maana saa hizo huwa ndani ya chumba cha upasuaji. Wangu aliteremsha sauti akasema hajapasua mtu wiki mbili sasa.

Nilimkuta amezungukwa na madaftari, miwani juu ya kichwa. Hakunisalimu.

"Wakili, nataka kukuambia kitu na usiandike," alisema. "Nimesoma hii page mpaka imechoka. Nakumbuka huyo mtoto. Nakumbuka nilishika hiyo kitu na mkono yangu. Lakini wao wako na karatasi. Sasa nimeanza kujiuliza, labda nilifungua mtoto mwingine nikaandika jina ya huyu. Labda ni umri. Wiki iliyopita wameniletea mtoto ako na henia, kazi ya nusu saa tu. Nikaambia mama yake ampeleke kwingine. Niliogopa mikono yangu."

Ile hotuba yangu nzuri ilikufa hapo. Nilikuwa nimehesabu leseni, jina na malipo, lakini hili halikuwa kwenye hesabu zangu: kwamba mwanamke huyu angeacha kujiamini ili mimi nisiaibike. Niliumia, na safari hii si kwa ajili yangu.

"Daktari, hukukosea," nilimwambia. "Huyo mtoto hakuwa Everlyn. Everlyn ndiye alitolewa ile ya kwanza. Uliyempasua ni mtoto wa dada yangu. Mimi ndiye nilipeana kadi."

Aliniambia nirudie, nikarudia. Akauliza, kwa sauti ya chini, kama ni mimi yule aliyekuwa akigonga meza. Nikasema ni mimi. Nilingoja anifukuze, na ningekwenda kwa furaha.

"Huyo mtoto anaitwa nani?"

"Awuor."

"Yuko wapi? Ni mzima?"

Nilisema ni mzima, kisha nikagundua sijui. Tangu arudi Ugenya sikuwahi kuuliza habari za tumbo lake. Nilimpigia dada yangu, nikamwomba ampe Awuor simu. Daktari aliichukua mkononi mwangu kabla sijaanza maelezo.

"Awuor, mimi ni daktari wa Nairobi, ule alikupasua. Tumbo inauma?"

Sauti ya mtoto ilisikika mpaka nilipokaa. Haiumi.

"Alama iko?"

Iko, upande wa kulia. Ndogo tu. Awuor akaongeza kwamba wasichana wa shule huomba kuiona, na yeye huwatoza peremende.

Daktari Syokau alinirudishia simu bila kuniangalia, akageukia ukuta. Mabega yake yalitikisika. Sijui kama alikuwa akilia au akicheka, na sikuwa na haki ya kuuliza. Alipogeuka alimwita Wangu, akamwambia atafute nambari ya mama wa yule mtoto wa henia. Kama bado hajapasuliwa, aletwe Jumatatu. Kisha akanisukumia karatasi na kalamu.

"Andika yote," alisema. "Jina ya mtoto, yako, na ile kadi. Ukimaliza, nitafutie wakili."

Nilimtafutia Waceke, ambaye huongea kidogo na hushinda kesi. Ungamo langu alilifanya kielelezo cha kwanza. Kitulizo walilipa yote, na baraza likaandika kwamba daktari hana kosa lolote. Familia yangu imefutwa kwenye bima, gharama za Awuor narudisha kila mwezi, na mwezi ujao mawakili wenzangu, wale waliocheka pale sokoni, watasikiliza shauri langu la nidhamu. Naliaka ameniuliza nitajitetea vipi. Nimemwambia sitajitetea. Nitasema nilichofanya, na nitamwomba daktari msamaha mbele yao, ingawa alishakataa mwaliko wa kuja. Shauri litasikilizwa Alhamisi, na Alhamisi anapasua.