Mishiri Iliyopita Kipimo

Shule zilipofunguliwa Januari, Kagwiria alimwogesha binti yake Winrose, akampaka mafuta mpaka magoti yakang'aa, akampeleka kuandikishwa Gredi ya Kwanza. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa bado hakijatoka, lakini Madam Gladys hakuwa mwalimu wa kumrudisha mtoto kwa sababu ya karatasi. Alitumia kipimo cha zamani. Mtoto anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa. Vidole vikishika sikio la kushoto, amekomaa, aingie.

Winrose alipitisha mkono. Vidole vikaishia kwenye nywele.

"Na mwezi wa kumi na moja si alishika?" Madam Gladys akauliza.

"Alishika, Madam. Hapa hapa mlangoni."

"Basi amerudi nyuma. Hata Lennox wa jirani yako Beth amerudi. Mpeleke chekechea kwanza, Mama Winrose. Akikua utamleta."

Kagwiria alisema asante. Njiani alimbeba mgongoni, maana sketi mpya ilikuwa inaburuta vumbi.

Alikuwa amejionea mwenyewe. Kila Ijumaa wanaume wa pale kijijini, chini kidogo ya Kanyakine, hupiga dawa ya wadudu kwenye mishiri, yale maharagwe mabichi membamba ya kuuzwa ng'ambo, na kila Jumamosi asubuhi viatu vya Winrose hupwaya. Kwanza lilipotea kovu la goti, alilolipata alipoanguka kwenye boma la ng'ombe. Halafu jino jipya la mbele likarudi ndani ya ufizi, na jino la utoto likatoka mahali pake. Winrose hakulia. Alisema tu panawasha.

Maji ya huko ni ya mfereji. Unatoka juu mlimani, unapita mashamba mengine, unapita kwa Mbogo, unapita kwa Mzee Kaburu, unafika kwa Kagwiria, kisha unateremka kwa Beth. Maji hayo hayo ndiyo ya kupiga dawa, ya kupika na ya kunywa. Na wanaume wa huko ni wasafi. Hakuna anayeweza kuingia nyumbani na pampu yenye dawa, kwa vile watoto hushikashika kila kitu. Akimaliza kazi, kila mmoja husimama mferejini mwisho wa shamba lake, akasuuza pampu, akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akafua ovaroli, ndipo akaenda kuwasalimia watoto. Mwenda, mumewe Kagwiria, aliwahi kutajwa kanisani kama mfano wa baba anayejali.

Kagwiria alikwenda kwa Mzee Kaburu, akamkuta amekaa nje akichagua mbegu za maharagwe. Mzee alimvutia kiti na kumwitishia chai.

"Mzee, nimekuja kwa habari ya pampu," Kagwiria alisema. "Ukiiosha, maji yanakuja kwangu."

Kaburu hakukasirika. Alimwonyesha wajukuu wake waliokuwa wakicheza pale uani. Mkubwa wao, aliyekuwa anajiandaa kwenda sekondari, alikuwa anajifunza kutambaa.

"Mbogo yuko juu yangu," alisema. "Na mimi nikioshea hapa uani, hawa waliobaki nitawaficha wapi?" Alingoja mgeni wake anywe kidogo. "Kwani Mwenda huoshea wapi?"

"Mferejini."

"Basi kunywa chai, mama."

Jumatatu, kwenye banda la kuchagulia mishiri, Muchangi, broka anayeinunua, alifika na pikapu yake akaanza kunung'unika. Mshiri wa kwenda ng'ambo unatakiwa mwembamba, usiozidi kidole cha mtu. Ile ilikuwa na urefu wa mkono wa mtoto, na mingine ilikuwa imepinda katikati kama goti. Kagwiria aliokota mmoja. Ulikuwa na joto. Pale ulipopinda palikuwa na kovu, naye akalitambua: lilikuwa la goti la Winrose.

"Huu ni wa Lennox," Beth alisema kando yake, ameshika mwingine, akautia kwenye kiondo. Akina mama wengine nao wakainama, kila mmoja akatafuta ya wake.

"Bebeni tu," Muchangi akawaambia. "Hiyo ni ya ng'ombe. Mzungu hawezi kula kitu inakaa hivyo."

Jioni Kagwiria alipika ile mishiri pamoja na viazi, akamlisha Winrose sahani nzima. Asubuhi kovu lilikuwa limerudi gotini. Jumatano alimlisha tena, na Alhamisi ncha ya kidole ikagusa juu ya sikio. Kagwiria alimpeleka shuleni mbio mbio. Madam Gladys alitazama vizuri, akasema amebakisha kidogo, amlete wiki ijayo. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Jumamosi Winrose hakuweza kufikia kitasa cha mlango.

Lakini njia ilikuwa imeonekana. Maadamu mishiri mirefu inakataliwa, mtoto angeweza kurudishiwa urefu wake kila wiki, na siku moja ungemtosha kuingia darasani.

Muchangi, kwa kukosa mishiri ya kuuza, akaitisha mkutano. Kagwiria alisimama, akaeleza kwamba ule urefu ni wa watoto, unaletwa na maji ya kuoshea pampu, na kwamba wote wakiacha kuoshea mferejini mishiri itarudi kipimo chake. Hakuna aliyembishia. Mwenda aliitikia kwa kichwa. Mbogo alisema ni kweli kabisa, hata kwake ni hivyo.

"Mama amesema ukweli," Muchangi akasema. "Lakini mimi naulizwa urefu wa mishiri, siulizwi wa watoto. Tufanye hivi. Muwe mnavuna mapema, kabla haijajivuta."

Watu walikubaliana. Mzee Kaburu akafunga kwa maombi, akawaombea watoto.

Tangu hapo huvuna mishiri ikiwa ingali changa. Ni mizuri, myembamba, na yote hupita. Hakuna hata mmoja unaobaki wa kumpikia Winrose. Hupangwa kwenye makreti, ikapakiwa, ikaenda zake.

Siku ya kuvuna Kagwiria humfunga Winrose mgongoni kwa shuka, akapita mstari kwa mstari. Siku hizi ni mwepesi, mpaka mama yake hulazimika kupeleka mkono nyuma kuhakikisha yupo.

"Mama, nitaenda shule lini?"

"Ukikua."

"Sawa," Winrose akasema.

Upande wa chini wa shamba Mwenda alikuwa ameinama mferejini, akisuuza pampu, asije akaingia nyumbani na dawa.