Marehemu Amalize Chai Kwanza

Dada yangu alikuwa mkata tiketi pale sinema. Jumamosi mchana, watu wakishaingia, alikaa nyuma kabisa na chupa yake ya chai. Siku hiyo ilikuwa ile filamu ya makaoboi tuliyoipenda kuliko zote, ile ya farasi mweupe. Sasa bwana aliyeitengeneza alikuwa na watu wake walewale kila filamu, utadhani ukoo. Steringi yuleyule, mlevi yuleyule, bibi kizee yuleyule wa bunduki. Na yupo mwembamba mmoja, kazi yake kufa. Karanga hujazimaliza, keshapigwa risasi. Tulimwita Marehemu.

Basi risasi ikiwa njiani, Marehemu akainama, ikapita. Akashuka kwenye kitambaa cha sinema, akaja mpaka nyuma. Mwili mzima rangi ya majivu, maana filamu yenyewe haikuwa na rangi.

"Futa miguu," dada akamwambia. "Nimefagia sasa hivi."

Akafuta. "Dada, nimechoka kufa. Filamu zote za bwana huyu nakufa mimi. Nina mke mle. Kila nikimwambia leo nitawahi kurudi, risasi."

Dada akammiminia chai.

Kule kwenye kitambaa mambo yakalala. Steringi hana wa kumlipizia kisasi, hasira ataitoa wapi? Akapiga miayo. Akamchana farasi mkia. Majambazi wakamngoja wee, mwisho wakakaa chini wakacheza karata.

Watu wakaanza kupiga miluzi. "Kaka, panda ukafe bwana! Wengine tuna shughuli!"

"Leo afe steringi," dada akasema.

Ukumbi mzima ukacheka. Kinyozi wetu alicheka mpaka akapangusa machozi. "We dada, ushaona wapi? Steringi hafi!"

"Hata mara moja?"

"Sasa akifa, tumtazame nani?"

Marehemu akatazama kikombe chake. Chai ilikuwa nusu. Akarudisha kikombe, akashukuru, akapanda. Akapigwa. Steringi akakasirika vizuri sana, tukapiga makofi.

Tangu hapo akawa anashuka kila Jumamosi. Watu wakamzoea, wakamsogezea kiti, wakamuulizia mkewe. Risasi ilisubiri hewani. Miluzi hakuna tena, kwani sisi wakatili? Akitokea mwenye haraka, kinyozi ndiye aliyemkemea: "We, adabu! Mwache Marehemu amalize chai kwanza."