Mkono wa Mficha-Uso

Bi Mize alikizungushia uzi mweupe kichwa cha Khatib, akaufunga fundo pale ncha zilipokutana juu ya sikio.

"Usicheke. Ukicheka kichwa kinatanuka, kesho nguo itakupwaya."

"Bibi, kichwa kinatanuka kwa kucheka?"

"Cha wenzio hakitanuki. Chako kina nafasi nyingi ndani."

Khatib akacheka mpaka uzi ukakatika. Bi Mize alikuwa na miaka arubaini ya kushona kofia za viua, vile vitundu vya urembo vya kutobolewa kwa sindano, na katika miaka hiyo hakuwahi kumkemea mtu kwa uzi uliokatika. Alikata mwengine, akaanza upya, akafunga fundo lake, kisha akauweka ndani ya bati la vifungo.

Lakini safari hii hakuwa akipima kofia. Nihal, mjukuu wake wa miaka ishirini na mmoja, alikuwa akitengeneza filamu, na Khatib, kijana wa nyumba ya pili, alihitaji kitambaa cheusi cha kufunika kichwa kizima, yabaki matundu mawili tu ya macho.

Filamu yenyewe ilitoka kwenye mchezo wa simu. Vijana wa Pujini walikuwa wakiucheza barazani tangu mwaka juzi, na waliuita Mlima wa Shaba. Watu wawili wanasimama uso kwa uso, wanapigana kwa ngumi na mateke ya Kichina, na juu ya kila mmoja kuna mstari wa rangi ambao watoto wanauita damu. Ukipigwa, damu inapungua, ikiisha, umelala. Shujaa ni Binti Radi. Anapanda mlima, anawashinda watu kumi na mmoja, na kileleni anamkuta Mficha-Uso, ambaye hakuna ajuaye ni nani. Hapo ngumi hazifai tena. Mficha-Uso hashindwi mpaka akamatwe mkono, hapa juu ya kiganja, uzungushwe, na yeye atupwe chini. Siku moja Bi Mize aliishika ile simu, akabonyeza kila alipoambiwa abonyeze, akapigwa mara tisa mfululizo. Mara ya kumi akaukamata mkono. Watoto walipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani kafariki.

"Bila ya ule mkamato," Nihal alikuwa akisema kila siku, "hii si Mlima wa Shaba. Ni watu wawili wanagombana tu."

Mwaka mzima alikuwa ameandika kila pigo ndani ya daftari, kwa kalamu ya rangi mbili: nyekundu la Binti Radi, buluu la adui. Yasser, mpiga video za harusi wa Chake Chake, alikubali kuja na kamera yake kwa sharti jina lake litangulie. Ukumbi wa skuli ulikwisha kuombwa kwa Sikukuu ya pili. Binti Radi alikuwa Nihal mwenyewe, na watu wote kumi na mmoja wa mlimani walikwisha kupigwa na kurekodiwa. Walikuwa wasichana wenzake Nihal, kila mmoja na kanga yake kichwani imefungwa namna yake. Alibaki Mficha-Uso, na Nihal alimtaka Khatib, kwa sababu hakuna Pujini nzima aliyeweza kuruka akapinduka hewani isipokuwa yeye.

Baba yake Nihal, Himid, hakukataa. Alisema tu, "Chezeni. Lakini kugusana hakuna. Khatib si maharimu wake, ni mtu anayeweza kumuoa."

Hakuna aliyebisha. Wote wawili walilelewa hivyo, na wala hawakutaka vyenginevyo. Ngumi ya Nihal iliishia shubiri moja kabla ya kifua cha Khatib, teke la Khatib likapita pembeni, na Yasser akajua pa kusimama ili mtazamaji aone limefika. Kishindo alikipata kwa kupiga papai bichi. Ila mkamato ulimshinda. Walijaribu bila ya kugusa, Binti Radi akaonekana kama anafukuza nzi. Walijaribu kufunga kanga kwenye mkono wa Khatib, Himid akakohoa kikohozi kile chake, kanga ikafunguliwa. Yasser akazima kamera. Zilibaki wiki mbili.

Ni Himid huyohuyo aliyeleta dawa, kama mtu aliyeficha ufunguo mfukoni mwake mwenyewe. Alikuwa akianua karafuu kwenye jamvi, akasimama ghafla na ungo mkononi.

"Kwani hawa si ndugu wa kunyonya? Alya alipolazwa Mkoani, Nihal alinyonyeshwa na Ummkulthum wiki nzima!"

Ummkulthum ni mama yake Khatib. Uwanja ulilipuka kwa furaha. Wasichana walirukaruka, Yasser akaiwasha kamera, na Alya, mama yake Nihal, akapiga kigelegele kutoka jikoni. Bi Mize peke yake ndiye aliyetazama nyuso. Khatib alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu, na viatu vyake vilikuwa vya kuchomeka tu. Nihal alicheka kuliko wote, kisha akaenda kuosha sahani ambayo ilikwisha kuoshwa.

Shehe wa msikitini alipoulizwa hakufanya haraka. "Maziwa yakifika mara tano, na kila mara mtoto ameshiba, ni ndugu, na ndoa baina yao haipo milele. Nani alishuhudia?"

"Mama," alisema Himid, akimkusudia Bi Mize.

"Basi Ijumaa baada ya Alasiri nitakuja nimsikie mwenyewe."

Bi Mize alibaki na siku tatu na sindano yake.

Alikumbuka kila kitu, kwa sababu hakuna alichosahau cha mwezi ule. Nihal alikuwa na siku kumi na mbili duniani. Alya alishikwa na homa ya uzazi, akachukuliwa Mkoani, akakaa siku nane. Ummkulthum, aliyejifungua wiki mbili kabla, alikuwa na mtoto wa kike mkononi na Khatib wa miaka miwili miguuni. Siku ya kwanza alimnyonyesha Nihal mara tatu. Siku ya pili homa ikamlaza naye, akawa anafumba macho tu na kunyoosha mkono, na Bi Mize ndiye aliyekuwa akimbebea mtoto ampe ziwa.

Jioni ya siku ile ya kwanza, Bi Mize akiwa mlangoni na Nihal begani, Khatib alikuja kwa vihatua vyake vifupi, akakiweka kipande chake cha mkate wa kumimina kwenye kiganja cha kichanga. Kichanga hakikujua kushika, mkate ukaanguka. Khatib akauokota, akauweka tena. Mara nne hivi, bila kukasirika. Bi Mize akamtazama, akahesabu moyoni: tatu. Tatu ni mlango uliorudishwa. Tano ni mlango uliozibwa kwa mawe.

Tangu siku ya pili akawa anampelekea Ummkulthum mtoto wake tu. Nihal alimnywesha maziwa ya mbuzi, yaliyochemshwa na kuzimuliwa, kwa kijiko cha chai. Na kwa kuwa Alya aliogopa maziwa ya mnyama, kila aliyetoka hospitali kuulizia aliambiwa na Bi Mize, "Mwambieni alale. Mtoto ananyonya kwa Ummkulthum." Uongo ule mdogo ulikua pamoja na mtoto, ukawa habari ya nyumba. Bi Mize hakumposea mtu wala hakumwambia mtu. Alirudisha mlango, basi.

Alkhamisi Nihal alikuja akakaa chini miguuni pake, akashika kofia na kukagua viua kana kwamba ni mnunuzi.

"Bibi, kesho ukisema ndiyo, filamu inatoka."

"Inatoka."

"Mwaka mzima nimeiandika."

"Nimekuona."

Nihal akageuza kofia ndani nje. "Na Khatib ataniita dada." Neno lile alilitamka kama mtu aliyeuma pilipili na hataki aonekane.

"Weye unataka nini, mjukuu wangu?"

"Nataka filamu." Kisha, kwa sauti ndogo, "Usiniulize mambo mawili kwa pamoja, Bibi."

Bi Mize akaichukua kofia, akaigeuza upande wake wa nje.

Ijumaa Shehe alikaa kwenye kiti, Himid na Alya mkekani, Ummkulthum karibu na mlango. Khatib alijifanya ana kazi barazani. Nihal alikuwa nyuma ya pazia la jikoni. Vidole vya miguu vilionekana.

"Bi Mize," alisema Shehe, "mara ngapi?"

"Tatu."

"Tatu kwa siku?" aliuliza Himid.

"Tatu kwa jumla, mwanangu."

"Mama! Si wiki nzima?"

"Wiki nzima niliisema mie. Siku zilobaki alikunywa ya mbuzi."

Alya aliinuka nusu. "Mbuzi! Mbuzi gani?"

"Yule mweupe wa Mzee Matano. Mbuzi mpole, hakuwa na makuu."

"Si nlikwambia maziwa ya mbuzi yanavimbisha tumbo!"

"Ndio maana sikukwambia. Nilikudanganya, mkwe wangu, na mie ndiye mkubwa. Nakuomba radhi mbele ya Shehe."

Kicheko kikamponyoka Alya puani. "Basi ndio maana Nihal mkaidi kama beberu."

"Na mie je?" aliuliza Ummkulthum. "Kila ulonletea nilimpa."

"Nlokuletea ni wako mwenyewe, mwanangu, nawe una homa hujui nani ni nani. Siku nyengine ulimpa mara mbili mbili. Angalia alivyonenepa mpaka leo."

Shehe alisubiri kicheko kitulie. "Na kwa nini ulikoma kwenye tatu?"

Bi Mize aliitazama sindano yake. "Nyumba hii ina binti, Shehe, na nyumba ile ina mwana. Sikutaka kufunga kitu ambacho si changu."

Shehe akatabasamu ndani ya ndevu. "Si ndugu," alisema.

Kishindo kikasikika nje. Khatib alikuwa ameanguka kutoka barazani juu ya jamvi la karafuu, na hakuna aliyemsukuma.

Jikoni Nihal alikuwa akilia kwenye ncha ya kanga.

"Unalia nini?"

"Filamu imekufa."

"Filamu tu?"

Nihal akapenga kamasi. "Filamu kwanza."

Bi Mize akakaa kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, akakunja mikono. "Huyo Mficha-Uso wenu. Kuna anayemjua ni nani?"

"Hakuna. Ndio sifa yake."

"Akikamatwa, mnaonyesha mtu mzima au mkono?"

Nihal aliacha kulia. Alimtazama bibi yake, akautazama mkono wa bibi yake, kisha akakimbia nje bila viatu akimwita Yasser kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Jumamosi asubuhi Bi Mize alivishwa mkono wa nguo nyeusi alioushona mwenyewe na glovu nyeusi. Kwa kuwa Khatib ni mrefu, walipindua kinu, akapanda juu, na Himid akamshikilia kiuno mama yake asianguke. Yasser aliisogeza kamera karibu mpaka ikabaki shubiri mbili.

"Mkono tu, Bi Mize. Ukae kama mkono wa mtu mbaya."

"Mtu mbaya mkono wake ukoje?"

"Hautetemeki."

"Basi umepata," alisema Bi Mize, na kweli haukutetemeka. Mkono uliotoboa viua miaka arubaini hautetemeshwi na kamera.

Aliyetetemeka ni Nihal. Mara ya kwanza alimshika kama anamjulia hali. Mara ya pili kama anamvusha barabara.

"Kamata, mtoto! Mie si yai!"

"Nitakuumiza, Bibi."

"Mie nlipigwa mara tisa ndani ya simu. Wewe ulikuwa ukicheka tu. Leo umekuwa na huruma?"

Mara ya saba Nihal aliukamata kweli, akauzungusha, na Bi Mize akasikia mfupa ukimwambia alhamdulillahi bado nipo. "Hiyo hiyo!" Yasser alipiga kelele. Kisha Khatib akasimama pale pale kinu kilipokuwa, mkono wake juu vilevile, akaruka, akapinduka hewani, akaanguka mgongo juu ya magodoro manne. Hapakuwa na mtu karibu naye hatua tatu nzima. Yasser alipoviunganisha vipande na kuwaonyesha, Himid mwenyewe aliruka kwenye kiti.

Sikukuu ya pili, ukumbi wa skuli ulijaa mpaka watoto wakakaa madirishani na kuzuia mwanga kwa migongo yao. Ulipofika mkamato, pakatoka kelele moja kubwa, wote wakilitaja pigo kwa jina lake, na Nihal aliyekaa mbele akafunika uso kwa viganja. Khatib, safu ya wanaume, hakutazama filamu hata kidogo. Alitazama viganja vile.

Ummkulthum alikuwa amekaa ubavuni mwa Bi Mize. Alimwinamia.

"Mkono ule naujua. Ndio uliokuwa ukinipa mtoto mwaka ule wa homa."

"Nyamaza, utawaharibia watu siri."

"Baada ya siku kumi nakuja kwenu. Na safari hii siji na sahani ya visheti, nakuja na wazee."

"Waje," alisema Bi Mize, akiusugua mkono uliokuwa bado na alama. "Lakini asiulizwe mie. Mie kazi yangu nimeimaliza. Aulizwe mwenyewe."

Mwenyewe aliulizwa siku ileile, njiani wakirudi, na bibi yake, maana wazee hawana subira hata wale wenye subira. Nihal alitembea hatua kadhaa akizungusha mpini wa mwavuli.

"Wakija waambieni ndiyo," alisema. "Lakini wangojee. Nina filamu ya pili."

"Miezi mingapi?"

"Mitatu. Minne."

"Imetosha," alisema Bi Mize.

Kofia ya viua, ukitaka iwe nzuri ya kuvaliwa siku ya ndoa, haipungui miezi mitatu. Alipofika nyumbani alilifungua bati la vifungo, akatoa uzi mweupe wenye fundo, ule aliopimia kichwa cha Khatib, akaulinganisha tena na kitambaa kilichokuwa chini yake. Ulikwenda sawasawa. Safu mbili za viua zilikwisha kutobolewa. Alizianza Ijumaa ile, kabla Shehe hajapiga hodi.